Kutoka Washington hadi Elkins: maisha ya kujulikana na kila mtu

Elkins, mji mdogo wa jimbo la West Virginia huku Marekani, wakishajua umehamia, hakuna anayeanza kukuuliza kazi yako. Wanauliza, "Mmekuja kwa nani?" Mji wenyewe una watu kama 7,000 tu, na karibu kila mmoja ana shangazi, binamu au mwalimu wake wa zamani mtaa wa pili, kwa hiyo wanatafuta pa kukushikia. Sisi hatukuwa na pa kushikwa. Mke wangu ni muuguzi, alipata kazi hospitali. Mimi ni mtu wa mahesabu, kazi yangu inataka kompyuta na intaneti, basi. Tukafunga virago Washington tulikokaa miaka mingi, tukapandisha milima ya Appalachia na watoto wawili. Jamaa zangu wa Lushoto walioko Marekani walinicheka sana: mtu ameshuka milima ya Usambara kutafuta maisha mjini, halafu anakwenda kununua milima mingine kwa dola.

Sababu yetu haikuwa mandhari. Ilikuwa kodi. Vyumba viwili tulivyopanga pembezoni mwa Washington vilikuwa vinakula mshahara mmoja mzima, na kila mwaka mwenye nyumba alikuwa na barua yake. Elkins tunalipa mkopo wa nyumba yenye ua na bustani, na haufiki nusu ya kodi ile. Nyumba ni rahisi huku kwa sababu watu wanaondoka. Sensa ya 2010 iliikuta West Virginia na watu milioni 1.85, ile ya 2020 ikakuta milioni 1.79. Mpaka imefika mahali, tangu 2021 kuna mpango wa kumpa mtu anayefanya kazi mtandaoni dola 12,000, kidogo kidogo kwa miaka miwili, akikubali kuhamia, na Elkins ni mmojawapo wa miji yake. Sisi hatukuja kwa njia hiyo, ila kuna wanaoamini mpaka leo kwamba tumelipwa kuja. Nimeacha kubisha.

Kwenye kununua nyumba nitakaa kidogo, maana tunaotoka mjini huwa tunaangalia jiko na kuhesabu vyoo. Nyumba ya kwanza iliyotuvutia ilikuwa nje ya mji, kando ya kijito, rangi mpya, bei nzuri ajabu. Tukiwa tumesimama uani akapita mzee na mbwa wake. Hakutusalimia hata. Alikwenda kwenye ukuta wa banda, akaweka kiganja usawa wa kifua chake, akasema, "Themanini na tano." Halafu akaendelea na safari yake. Alikuwa anasema mafuriko ya Novemba 1985, yaliyoua watu 47 katika jimbo hili na kuusomba vibaya mji jirani wa Parsons. Bonde huku ni jembamba, mvua ikinyesha juu maji hayana pa kutandaa, yanapanda tu. Tukanunua nyumba ya mlimani, mbaya zaidi kwa sura. Ukija kutafuta, mwulize mwenye mvi yeyote maji ya 1985 yalifika wapi kabla hujamwuliza dalali lolote.

Jambo la pili liliwashangaza Wamarekani wenzetu wa mjini kuliko lilivyotushangaza sisi. Mwanasheria alipokuwa anatusomea hati alitueleza kwamba tunanunua ardhi ya juu, na kwamba kwenye viwanja vingi vya maeneo haya makaa ya mawe na gesi vilivyo chini vina mwenyewe mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni yalipita kwa wakulima milimani yakinunua haki ya kilicho chini ya ardhi kwa bei ya kutupa, na haki hizo zimekuwa zikiuzwa na kurithiwa mpaka leo. Alisema haya akiangalia nyuso zetu, akisubiri tukasirike. Mke wangu akamwambia kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, na madini ni ya taifa. Yule bwana aliweka kalamu chini akacheka.

Mji wenyewe ulizaliwa na hiyohiyo biashara ya kuchimba na kukata. Henry Gassaway Davis na mkwewe Stephen Elkins, wote wawili maseneta, walileta reli huku wakaanzisha mji 1890 ili wasafirishe magogo na makaa. Wakakata miti mpaka milima ikabaki vipara, maji yakaanza kushuka kwa hasira, na ndipo serikali ikaanza kununua ardhi na kupanda upya. Msitu wa Taifa wa Monongahela ulitangazwa 1920. Kwa hiyo ule msitu mgeni anaousifu kuwa wa tangu enzi na enzi, sehemu kubwa ina umri wa mtu mzee tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifundisha mji huu kuliko yote.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku kucha. Asubuhi nikatoka na koleo, nikakuta njia yetu ya gari imeshasafishwa mpaka barabarani. Jirani wa kushoto, mzee aliyestaafu mgodini, ana trekta lenye sahani ya chuma mbele. Alikuwa ameshapita, ameshamaliza, ameshaingia kwake. Nikachukua dola 40 nikaenda kugonga. Mjini ndivyo mtu mwenye adabu anavyofanya: umefanyiwa kazi, lipa. Alizitazama zile noti, akatazama miguu yangu, akasema, "Utahitaji viatu vya maana." Akarudishia mlango taratibu, bila hasira.

Nilirudi ndani nimenuna. Mke wangu akaniuliza, "Kwani Lushoto mtu akikusukumia gari matopeni unampa hela?"

"Namkaribisha chai."

"Ehe."

Akakaanga sambusa. Mzee akapokea sahani, akashukuru kwa neno moja. Baada ya wiki sahani ikarudi na chupa ya maharage mabichi aliyosindika mwenyewe kiangazi. Mke wangu akaona anavyohema kwa kupanda ngazi zetu tatu za barazani, akajua ni vumbi la makaa lililokaa mapafuni, ugonjwa wa wachimbaji wengi wa huku. Akaanza kumpima presha Jumapili. Mzee akaja na msumeno wa mashine kuangusha mti uliokuwa umeinamia paa letu. Na hivyohivyo mpaka leo, hakuna anayejua nani anamdai nani.

Mjini fedha inamaliza mambo. Umenisafishia nyumba, nimekulipa, kwa heri, wala sihitaji kujua mkeo anaitwa nani. Huo ni uhuru, na mimi niliupenda; ndio niliokuwa nimeukimbilia Dar es Salaam nikiwa kijana, kwa sababu kijijini kwetu hata ukinunua soda watu walijua ni ya ladha gani. Huku uhuru huo haupo. Fedha yako wanaichukua dukani na kwenye sheli, lakini siku gari limetumbukia mtaroni saa nne usiku kwenye barabara isiyo na taa, simu haina hata chembe ya mtandao, kinachokutoa ni kwamba anayepita anajua wewe ni yule baba wa nyumba ya mlimani.

Kunachosha. Fundi bomba akikuharibia kazi huwezi kumfokea, maana dada yake anamfundisha mwanao na shemeji yake ndiye anayekuletea barua. Unajifunza kulalamika kwa adabu ya mzunguko, kama wazee wa kwetu. Mke wangu akinunua dawa ya kikohozi, kesho yake maktabani naulizwa mtoto anaendeleaje. Ukikaa kimya sana unaambiwa unajidai. Na mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe: vuli yetu ya kwanza tu nilivishwa fulana ya kung'aa nikapangiwa kuelekeza magari kwenye tamasha la misitu, ambalo mji huu umekuwa nalo tangu 1930 na ambalo halina mzaha hata kidogo.

Ramadhani ya kwanza ndiyo iliyonionyesha kiasi gani tunaangaliwa. Tulikuwa tunaamka daku, taa ya jikoni inawaka alfajiri wakati mtaa mzima ni giza. Baada ya siku chache tukasikia mlango unagongwa kabla hakujapambazuka. Mzee wa trekta, koti juu ya nguo za kulalia, tochi mkononi. "Nani anaumwa?" Nikamweleza kwamba hakuna mgonjwa, ni mfungo, tunakula kabla ya alfajiri kisha hatuli wala kunywa mpaka jua lizame. "Hata maji?" Hata maji. Alifikiri. Akasema mgodini walikuwa wakiingia na giza wakitoka na giza, ila chakula walikuwa nacho. Kuanzia siku hiyo taa yetu ikichelewa kuwaka alikuwa anapiga simu. Nilikuwa nimeishi Washington miaka yote ile, ukuta kwa ukuta na watu, na hakuna aliyejua kwamba tunafunga.

Kwa Mwislamu, chakula cha huku kinataka macho. Mikate midogo iliyojazwa soseji ya peperoni iko kila sheli na kila sherehe ya shule. Ni chakula cha wachimbaji wa Kiitaliano, kilianzia kwenye duka la mikate mjini Fairmont miaka ya 1920, kwa sababu mtu aliweza kukila chini ya ardhi kwa mkono mmoja bila kupasha moto. Kwa macho ni andazi, ndani ni nguruwe. Maharage nayo, ambayo wanayapika vizuri sana, mara nyingi yamechemshwa na kipande cha paja la nguruwe. Lakini ukiyapika mwenyewe umefika nyumbani, kwani hawa watu wanakula maharage na mkate wa unga wa mahindi meupe, na sukuma wiki imejaa bustanini. Unga wa ugali hatuagizi tena Washington, tunanunua duka la kawaida. Angalia tu usichukue ule ulioandikwa unajiumua wenyewe, umeshatiwa chumvi na vitu vya kuumulia. Sima yake inatutumka sufuriani.

Nyama halali tunaifuata Morgantown, mwendo wa saa moja na nusu, tunaunganisha na msikiti na safari za madaktari bingwa. Wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa na shule zinafungwa wiki nzima, wala hakuna anayejifanya kwamba ni kwa sababu nyingine. Mzee akaleta paja la kulungu limefungwa kwenye karatasi. Hapo ndipo ilibidi nimweleze habari ya kuchinja, na kwamba kisu na jina la Mungu vina utaratibu wake. Nilidhani nitamwudhi. Alisikiliza yote, akachukua paja lake. Jumamosi akarudi na samaki wa mtoni, bado wanateleza. "Na hawa wanasomewa?" Nikamwambia samaki hana mjadala. Tangu hapo kila majira ya machipuko tunapata zamu yetu ya samaki. Kulungu tunakutana naye barabarani tu. Kwa hatari ya kugonga mnyama, West Virginia huongoza Marekani nzima karibu kila mwaka kwenye hesabu za kampuni za bima, na machweo ya Novemba utaendesha polepole hata kama una mgonjwa.

Mtaniuliza kuhusu rangi, kila anayenipigia simu huuliza. Jimbo ni la Wazungu kwa kama tisa katika kumi, na mji huu hivyohivyo. Kutazamwa tunatazamwa. Mara nyingi ni mshangao, mara chache ni jambo jingine, na ukishakaa unatofautisha kwa shingo ya mtu. Kuna nyumba njia ya kwenda mtoni inapeperusha bendera ya majimbo ya Kusini, yale yaliyopigania utumwa. Kinachonishinda ni kwamba West Virginia ilizaliwa Juni 20, 1863, kwa kujitenga na Virginia iliyokuwa imejiunga na Kusini. Yaani mtu anapeperusha bendera ambayo jimbo lake liliundwa kwa kuikataa. Siendi kumweleza. Watoto tumewaambia nyumba ile hawapiti kwa miguu peke yao, na hilo halina mapambo ya kuliwekea.

Lakini watu weusi si wageni wa milima hii, na hilo nalijua kupitia kazi za shule za binti yangu. Booker T. Washington aliletwa Malden akiwa mtoto, mara tu baada ya utumwa kuisha, akafanya kazi kwenye viwanda vya chumvi. Carter G. Woodson, aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, alichimba makaa kaunti ya Fayette kabla ya kupata nafasi ya kusoma. Hata banjo, chombo cha nyimbo za huku, mababu zake ni vyombo vya Afrika Magharibi vilivyokuja na watumwa. Jioni moja watu walikuwa wamekaa duara wanapiga, bwana mmoja akaninyooshea banjo yake na kusema, "Hii ilitoka kwenu." Nikamjibu kwetu ni upande wa pili wa bara, kwa hiyo mimi na yeye tuko mbali nayo karibu sawa. Akanifundisha kushika nyuzi hata hivyo. Sijui kupiga mpaka leo, wala sitegemei kujua.

Anayetaka kuja kufanya kazi mtandaoni asiamini ramani ya kampuni ya simu. Elkins iko ndani ya eneo la ukimya wa redio, yaani mahali ambapo kurusha mawimbi ya redio kunawekewa mipaka, lililowekwa 1958, kama kilomita za mraba 34,000, kwa ajili ya darubini za redio zilizoko Green Bank, upande wa kusini yetu. Masharti makali yako karibu na darubini, lakini milima yenyewe inatosha kuua mtandao: unavuka kilima kimoja unabaki na picha ya saa tu kwenye simu. Sisi tulikwenda na kompyuta mpaka sebuleni kwa muuzaji, tukafungua mkutano wa kazi tukiwa tumekaa kwenye kochi lake, ndipo tukazungumza bei. Alituona wa ajabu. Mjini hapa kuna faiba mitaa mingine, mabondeni hakuna, na setilaiti inataka kuona anga ambayo miti imeifunika.

Alipofariki baba yangu mkubwa Lushoto, nilijua tutaumia. Washington habari ya msiba inaingia kwenye kundi la WhatsApp, kufikia magharibi sebule imejaa, mkeka umetandikwa, michango inahesabiwa, kuna anayesoma Yasini na kuna anayebishania nani apike. Huku tulikuwa sisi wanne na simu. Sikumwambia mtu yeyote, ila mke wangu aliomba ruhusa kazini, na huku hiyo inatosha. Siku ya pili wakaanza kuja na vyakula kwenye mabakuli ya kioo, chini ya kila bakuli kipande cha gundi kimeandikwa jina la mwenye bakuli. Vitatu kati ya vyakula hivyo vilikuwa na kikaratasi juu: "Hakuna nguruwe." Hawakukaa. Walisimama mlangoni, pole, shika hiki, kwa heri. Mimi nilitaka watu wakae. Nilitaka mtu alale kwetu, ajaze nyumba kelele, aseme habari za marehemu mpaka tuchoke. Chakula kilikuwa kingi na nyumba ilikuwa kimya, na usiku huo mke wangu alisema turudi Washington. Jambo hilo hatujalimaliza. Huwa linarudi kila baada ya Idi, tukishuka kutoka Morgantown, watoto wamelala nyuma, na wakiamka wanaongea Kiingereza cha milimani ambacho bibi yao hawezi kukisikia kwenye simu.

Juzi rafiki yangu wa Washington alinipigia, kodi imepanda tena, anataka kuja. Nikamweleza habari ya maji ya 1985, ya mtandao, ya kulungu, ya fundi bomba usiyeweza kumfokea. Nikamweleza kwamba majirani wataijua taa ya jikoni kwake. Alisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza nyumba ya vyumba vitatu inauzwaje. Nikamtajia. Anasema atakuja kuangalia mwezi wa tano, milima ikiwa ya kijani. Nimemwambia aje mwezi wa pili, tena aje na mkewe, na aache mke ndiye aendeshe.